Jua, kitoweo, kidonge au dawa iliyokwisha kuamilishwa: vitamini D yako uitafute wapi?

Malindi iko nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, Lamu nyuzi 2 na kidogo. Jua la huku halina likizo. Hata hivyo watu hupimwa damu wakaambiwa vitamini D yao imepungua, na wakitoka hapo ushauri huanza kugongana. Shangazi asema aote jua. Jirani asema ale samaki. Duka la dawa lina chupa ya IU 1,000 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini), na mgonjwa wa figo wa mtaa wa pili anameza kidonge kidogo cha mikrogramu 0.25 tu, tena cha kuandikiwa na daktari. Vyote vinaitwa vitamini D. Lakini kila kimoja huingia mwilini kwenye hatua yake, na chaguo lako hutegemea ni hatua ipi kwako imeziba.

Safari yenyewe kwanza

Vitamini D inayotoka kwenye ngozi, samaki au kidonge cha kawaida haifanyi kazi ikiwa hivyo ilivyo. Ni mali ghafi. Damu huibeba hadi kwenye ini, na huko kimeng'enya huibadilisha ikawa 25-haidroksivitamini D. Hiyo ndiyo akiba inayozunguka mwilini, na huchukua wiki mbili hadi tatu kupungua kufikia nusu. Ini halichagui sana: likiletewa nyingi, hugeuza nyingi.

Figo ndilo linalochagua. Lina kimeng'enya kiitwacho 1-alfa-haidroksilesi, na hicho ndicho kinachoigeuza ile akiba kuwa kalsitrioli, yaani homoni kamili. Kazi hiyo ya figo ilithibitishwa mwaka 1970 na Fraser na Kodicek huko Cambridge, Uingereza. Kalsitrioli hudumu saa chache tu kwenye damu. Huingia kwenye seli za utumbo, hushika kipokezi chake ndani ya kiini, na kuamrisha jeni zitengeneze protini za kuvusha kalsiamu. Bila kazi hiyo utumbo hunyonya asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu ya chakula. Ikifanyika sawasawa, hunyonya asilimia 30 hadi 40.

Figo nalo lina wa kuliamuru. Kalsiamu ya damu ikishuka, tezi nne ndogo za parathiroidi zilizo shingoni hutoa homoni yao, PTH, na figo huongeza kasi. Fosfati ikishuka, figo huongeza pia. Fosfati ikizidi, mifupa hutoa homoni iitwayo FGF23, na figo hupunguza. Kalsitrioli yenyewe ikijaa hujizima: hukibana kimeng'enya kinachoitengeneza na kukichochea kingine, 24-haidroksilesi, kinachoivunja. Vimeng'enya hivi vyote vinahitaji magnesiamu ndipo vifanye kazi, jambo ambalo husahaulika mtu akiongeza dozi bila kuona mabadiliko.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tutaiuliza maswali yale yale. Inaingia hatua gani: ngozi, utumbo, ini au figo? Mwili una breki gani juu yake, maana hapo ndipo hatari ya kuzidisha ilipo? Kiasi unachopata kinahesabika? Inakaaje na maisha ya Lamu au Malindi, kuanzia nguo na nyumba hadi kitoweo? Na mwisho, inamfaa nani?

Vipimo viwili vya kukumbuka. IU 40 ni sawa na mikrogramu 1 ya vitamini D ya kawaida. Mahitaji ya siku yanayotumika sana ni IU 400 kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, IU 600 kuanzia mwaka 1 hadi miaka 70, na IU 800 kwa aliyezidi hapo. Mtu mzima asizidishe IU 4,000 kwa siku bila daktari.

Njia ya kwanza: jua

*Inaingia wapi.* Kwenye ngozi. Miale ya urujuanimno aina ya B huigonga dutu ya jamii ya kolesteroli iliyo kwenye ngozi na kuivunja pete yake moja. Kisha joto la mwili huimalizia ikawa vitamini D3. Baada ya hapo bado inahitaji ini na figo, sawa na ile ya kidonge.

*Breki.* Hapa jua linashinda njia zote nyingine. Ukikaa juani kupita kiasi, ile hatua ya kati huanza kugeuka vitu vingine visivyo na kazi, lumisteroli na takisteroli, na D3 iliyokwisha kutengenezwa nayo huvunjwa na mwanga. Hakuna anayepata sumu ya vitamini D kwa jua. Kwa sababu hiyo hiyo, kuungua hadi ngozi ibabuke hakukuongezei chochote: kiwanda kilishafika kikomo kitambo. Madhara ya jua ni mengine kabisa. Ngozi huchomeka, saratani ya ngozi hujitokeza baada ya miaka, na macho huota kinyama au mtoto wa jicho, kama wanavyojua wavuvi wanaokodolea maji yanayometa siku nzima.

*Hesabu.* Hakuna anayeweza kukuambia umepata IU ngapi. Hutegemea saa, mawingu, rangi ya ngozi, umri na eneo la ngozi lililo wazi. Kigezo cha kutumia ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, miale inayotakiwa inakufikia. Kikiwa kirefu kuliko wewe, unapata mwanga na joto, D kidogo sana. Kwa Lamu na Malindi kivuli hubaki kifupi mwaka mzima kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane na nusu mchana. Katikati ya Machi na karibu na mwisho wa Septemba jua hupita utosini kabisa.

Hapa ndipo desturi ya kumwotesha mtoto jua la saa moja asubuhi inapokwama. Jua la saa hiyo ni laini kwa sababu liko chini, na likiwa chini miale ya aina ya B huchujwa na hewa kabla ya kufika ardhini. Kichanga hupata joto na mama hupata raha, lakini vitamini D haiji kwa kiasi cha kutegemewa. Na jua la saa sita, ambalo lingeileta, si la kumweka mtoto wa chini ya miezi sita.

Kuhusu dakika, watu wenye ngozi nyeupe hushauriwa kati ya dakika 5 na 30, angalau mara mbili kwa wiki, uso, mikono na miguu ikiwa wazi. Ngozi yenye melanini nyingi huhitaji mara kadhaa ya hapo, kwa kuwa melanini huinyonya miale ile ile. Mzee wa miaka 70 naye hutengeneza kidogo kuliko kijana hata wakikaa baraza moja, kwa sababu mali ghafi ya ngozi hupungua na umri.

*Maisha ya hapa.* Mji wa Kale wa Lamu ulijengwa kulikwepa jua. Vichochoro ni vyembamba, kuta za mawe ya matumbawe ni nene, na juu kuna paa la makuti. Mtu anaweza kwenda sokoni, msikitini na kurudi bila kupigwa na jua kwa dakika kumi zilizounganika. Malindi kuna ofisi, maduka na magari, na kioo cha dirisha hupitisha mwanga lakini huizuia miale ya aina ya B. Kukaa dirishani hakuhesabiki.

Mavazi nayo yana hesabu yake. Kwa kanuni ya tisa inayotumiwa kupima majeraha ya moto, mikono miwili mizima ni asilimia 18 ya ngozi na miguu miwili ni asilimia 36. Mwanamke aliyevaa buibui hubaki na uso na viganja, jumla yake haifiki asilimia 10. Akivaa na nikabu, hupungua zaidi. Lakini nyumba ya Lamu ina kiwanda chake cha ndani, yaani ua usioezekwa, na jua huangukia sakafu yake karibu na saa sita. Akikaa hapo kwa kanga, mikono wazi kuanzia kiwiko na miguu kuanzia goti, amefungua karibu robo ya ngozi yake bila jicho la nje kumfikia. Hii ndiyo njia nafuu kuliko zote, na inashangaza kwamba washauri wengi huiruka wakakimbilia chupa.

*Inamfaa nani.* Mwenye afya, mwenye ini na figo nzima, anayeweza kupata kivuli kifupi mara kadhaa kwa wiki. Haimfai mwenye ualbino. Ngozi yake hutengeneza D haraka, lakini hatari ya saratani ni kubwa mno, na kuna njia nyingine.

Njia ya pili: kitoweo

*Inaingia wapi.* Kwenye utumbo, pamoja na mafuta ya chakula, kisha ini, kisha figo. Asiyenyonya mafuta vizuri, kwa ugonjwa wa utumbo, kongosho au njia ya nyongo, hapotezi samaki tu, hupoteza na vidonge vya mafuta.

*Breki.* Kwa chakula cha kawaida huhitaji kuwaza breki, isipokuwa kwa kitu kimoja: mafuta ya ini la samaki. Kijiko cha chai cha mafuta ya ini la chewa (cod) yanayouzwa chupani kina karibu IU 450 za vitamini D, na pamoja nazo vitamini A nyingi. Vitamini A ikizidi huharibu ini, hudhoofisha mifupa, na kwa mjamzito huweza kumlemaza mtoto tumboni. Mjamzito aachane nayo. Na sifa, ile ya ini la papa inayopakwa mbao za vyombo, ibaki kwenye jahazi. Ini la papa lina vitamini A kwa viwango visivyotabirika, na hakuna aliyeipima kabla haijafika kwenye kijiko chako.

*Hesabu.* Watu wa pwani hudhani kila samaki ana D. Aliye nayo ni samaki wa mafuta. Gramu 100 za dagaa wa kopo aina ya sadini zina kama IU 190. Jodari wa mapezi ya njano, ingawa ni nyama tamu, ana kama IU 70 kwa gramu 100. Samaki weupe wasio na mafuta, kina changu, wako chini. Kiini kimoja cha yai kina kama IU 40, kwa hiyo kufika IU 600 kwa mayai peke yake ni mayai 15 kwa siku. Maziwa ya ng'ombe yasiyoongezwa kitu yana D kidogo sana. Siagi za mimea nyingine huongezwa D, nyingine hapana. Ubavu wa kopo ndio utakaokuambia.

Upishi una neno lake. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, hivyo samaki akizamishwa kwenye karai, sehemu yake hubaki humo humo. Vibua na simu (samaki wadogo jamii ya dagaa) wa mchuzi wa nazi wana faida: kilichotoka kwenye samaki kipo kwenye bakuli, na mafuta ya tui husaidia kunyonya.

*Maisha ya hapa.* Thamani kubwa ya simu na dagaa pengine si D yao, ni mifupa yao. Sadini wa kopo akiliwa na mifupa hutoa karibu miligramu 380 za kalsiamu kwa gramu 100. Mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Umuhimu wa hili utaonekana mbele.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, kama nyongeza. Kama njia pekee, ni wachache wanaoweza kuifikisha.

Njia ya tatu: vidonge na matone ya kawaida

*Inaingia wapi.* Mlango ule ule wa chakula. Kuna aina mbili: D3, kolekalsiferoli, inayotokana na mafuta ya sufi ya kondoo au ya samaki, na D2, ergokalsiferoli, inayotokana na kuvu. Zote huenda ini na figo. D3 huinua akiba zaidi na kuidumisha, kwa hiyo ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua hiyo. D2 huwafaa wasiotumia kitu cha mnyama.

*Breki.* Sehemu hii isomwe mara mbili. Figo hujifunga vizuri akiba ikizidi, lakini ini haliachi kugeuza. 25-haidroksivitamini D ikirundikana mno, yenyewe huanza kushika vipokezi bila kungoja ruhusa ya figo, na kalsiamu hupanda. Dalili ni kichefuchefu, choo kigumu, kiu, kukojoa mara kwa mara, kuchanganyikiwa, kisha mawe kwenye figo. Kwa kawaida hutokea akiba ikipita nanogramu 150 kwa mililita. Na kwa kuwa D hukaa kwenye mafuta ya mwili, kuacha kidonge leo hakumalizi tatizo leo; huchukua wiki, hata miezi.

Makosa yanayofikisha watu huko ni machache na hujirudia. La kwanza ni kidonge cha IU 50,000. Hicho ni cha mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki sita hadi nane, kisha mtu hushuka kwenye dozi ndogo ya kila siku. Asiyeelezwa vizuri hukimeza kila siku. La pili ni kujumlisha bila kujua: multivitamini, kidonge cha kalsiamu chenye D, na mafuta ya samaki, kila kimoja na kiasi chake. La tatu ni la matone ya watoto. Chupa moja hutoa IU 400 kwa tone moja, nyingine IU 400 kwa mililita nzima. Mama aliyezoea ya mililita akibadilishiwa chupa akajaza kipimo kile kile, mtoto hupewa dozi ya siku nyingi kwa mara moja. Tumia kidonyezo kilichokuja na chupa hiyo, na usome mstari wa dozi kila unaponunua chupa mpya.

Dozi moja kubwa ya kumaliza mwaka nayo si njia ya mkato. Mwaka 2010 utafiti wa Australia uliwapa wanawake wa miaka 70 na zaidi IU 500,000 mara moja kwa mwaka. Walianguka na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kidogo kidogo kila siku ni bora.

*Hesabu.* Hapa ndipo vidonge vinapoongoza: unajua umemeza nini. Kimeze pamoja na chakula chenye mafuta, wali wa nazi unatosha. Mtu mnene huhitaji mara mbili hadi tatu ya dozi ya kawaida, kwa sababu D hufichwa kwenye mafuta ya mwili. Baadhi ya dawa huivunja haraka: rifampisini ya kifua kikuu, na fenitoini, fenobabitali na kabamazepini za kifafa. Anayetumia hizo amweleze daktari kabla ya kulaumu kidonge.

*Maisha ya hapa.* Vidonge laini vya mafuta huvikwa jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya ng'ombe, samaki au nguruwe. Ikiwa lebo haisemi, mwulize mfamasia, au chukua tembe ngumu au matone ya mafuta yasiyo na ganda. Halafu joto: chupa ikiachwa dirishani au kwenye gari mchana, vidonge laini hushikamana na dawa huharibika mapema. Iweke penye giza na pakavu.

*Inamfaa nani.* Asiyefikiwa na jua, mwenye upungufu uliothibitishwa, kichanga anayenyonya, mzee asiyetoka. Kwa mtu mzima mwenye afya asiye na upungufu, faida ni ndogo kuliko matangazo. Utafiti wa VITAL wa Marekani uliwapa watu wazima IU 2,000 kwa siku, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 hayakuonyesha kupungua kwa mivunjiko ya mifupa.

Njia ya nne: dawa iliyokwisha kuamilishwa

*Inaingia wapi.* Inaruka hatua. Alfakalsidoli imeshapitishwa hatua ya figo, inahitaji ini tu. Kalsitrioli haihitaji ini wala figo. Ni homoni yenyewe.

*Breki.* Hakuna ya maana. Ule mlango wa figo uliokuwa ukikulinda umeuzunguka. Kalsiamu inaweza kupanda ndani ya siku chache, hivyo damu hupimwa mapema na kurudiwa. Jambo moja la kutia moyo: kalsitrioli ikizidi na ikaachwa, athari yake hupungua kwa siku, wakati sumu ya D ya kawaida huvuta wiki.

*Hesabu.* Tazama lebo mbili kwa pamoja. Chupa ya D3 imeandikwa IU 1,000, yaani mikrogramu 25. Kalsitrioli imeandikwa mikrogramu 0.25. Mtu husema ya pili ni dhaifu mara mia. Hapana, hizi hazilinganishwi kwa uzito. Ya kwanza ni akiba ambayo mwili utaichota ukitaka, ya pili ni amri iliyokwisha kutolewa. Usibadilishane kidonge na jirani kwa kuangalia namba.

*Maisha ya hapa.* Ni dawa ya cheti na ya kurudi kliniki. Anayeishi Faza au Kizingitini apange usafiri wa boti pamoja na tarehe za kupima damu kabla ya kuanza, maana kuimeza bila vipimo ni hatari.

*Inamfaa nani.* Baadhi ya wagonjwa wa figo, waliopoteza tezi za parathiroidi, na watoto wachache wanaozaliwa bila kile kimeng'enya cha figo. Si wote wenye figo dhaifu. Mwongozo wa KDIGO, jopo la kimataifa la magonjwa ya figo, wa mwaka 2017 hauipendekezi kama kawaida kwa ambao hawajaanza kusafishwa damu. Huiweka kwa hatua ya 4 na 5 ya ugonjwa wa figo, pale PTH inapozidi kupanda vibaya.

Kabla ya kulipa: kipimo kipi?

Omba 25-haidroksivitamini D. Watu wengine hupimwa kalsitrioli kwa kudhani homoni kamili ndiyo ukweli kamili. Kumbe akiba ikipungua, PTH hupanda na kulisukuma figo, na kalsitrioli yaweza kuonekana ya kawaida au hata ya juu wakati ghala limebaki tupu. Chini ya nanogramu 12 kwa mililita ni upungufu. 20 huwatosha walio wengi. Maabara nyingine huandika nanomoli kwa lita: zidisha kwa 2.5, kwa hiyo 20 huwa 50. Usishtuke na 50 ukadhani imepanda. Uliza pia kama sampuli inapimwa hapo hapo au inasafirishwa, maana huo ndio muda wa kusubiri majibu. Mwenye afya asiye na dalili hana haja ya kupima kila mwaka. Mwongozo wa 2024 wa Endocrine Society, jumuiya ya wataalamu wa homoni, unasema hivyo.

Sasa lile la kalsiamu. Mtoto anayelishwa ugali na uji tu, bila maziwa wala dagaa, aweza kupata matege hali jua linampiga kutwa. Kalsiamu ikikosekana, PTH hupanda, figo hutengeneza kalsitrioli nyingi, na akiba ya D huisha haraka. Nigeria jambo hili lilichunguzwa, na mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba watoto wenye matege waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na D, walipona vizuri kuliko waliopewa D peke yake. Mchicha hausaidii sana hapa, kwa sababu oksaleti yake huishika kalsiamu. Sukuma wiki ni bora. Ukichagua njia yoyote kati ya nne bila kutengeneza sahani, unalipia nusu ya dawa.

Kwa hali yako

Mvuvi, mjenzi au mkulima anayeshinda nje kifua wazi: huna haja ya chupa. Kofia na kinga ya macho vina faida kwako zaidi.

Mwanamke wa buibui, au yeyote anayetoka alfajiri kwenda ofisini na kurudi magharibi: anza na kiwanda au uga wa ndani wakati kivuli ni kifupi. Nyumba isipokuwa na pahali pa faragha, IU 600 hadi 1,000 za D3 kwa siku ni dozi ya kawaida isiyo na hatari. Ukiwa mjamzito, mweleze mkunga dozi hiyo, ili isijumlishwe na vidonge vya kliniki.

Kichanga anayenyonya: maziwa ya mama ni chakula bora lakini yana D kidogo. Matone ya IU 400 kwa siku, kwa ushauri wa kliniki ya watoto, yanashinda jua la saa moja asubuhi.

Mtoto mwenye matege au anayechelewa kutembea: hospitali kwanza. Chini ya mwaka mmoja matibabu ya kawaida ni IU 2,000 kwa siku kwa angalau siku 90, pamoja na miligramu 500 za kalsiamu. Hiyo ni dozi ya tiba na husimamiwa.

Mwenye ualbino: nguo ndefu, kofia pana, na D kutoka kwenye sahani na kidonge.

Mzee wa miaka 75 na zaidi asiyetoka: kidonge kidogo cha kila siku, pamoja na mtu wa kuangalia kwamba anakila chakula chenye kalsiamu.

Anayetibiwa kifua kikuu ana mkanganyiko wa pande mbili. Rifampisini huivunja D, lakini seli za kinga zilizozingira vijidudu huweza kutengeneza kalsitrioli zenyewe bila kungoja amri ya PTH, na kalsiamu ikapanda. Asijiandikie dozi, kalsiamu ya damu ipimwe kwanza. Mwenye sakoidosisi, ugonjwa ambao seli za kinga hujikusanya kwenye viungo, naye kalsiamu yake yaweza kupanda vivyo hivyo.

Mgonjwa wa figo: D ya kawaida hujaza ghala, lakini huenda figo lisiweze kuifungua. Muulize daktari wako mambo matatu: akiba ya 25-haidroksi ikoje, PTH inaelekea wapi, na fosfati ni ngapi. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kati ya njia ya tatu na ya nne.

Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, kisha akaanza kuhisi ganzi midomoni au vidole kukakamaa: huenda tezi za parathiroidi zimeguswa, na figo halina tena wa kuliamuru. Jua, vibua na chupa ya IU 1,000 havitamfaa saa hiyo. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kalsiamu ipimwe.